Raifo Kongwe na Mikono Iliyoipitia

Katika soko dogo la bunduki za uwindaji Afrika Mashariki, si ajabu mtu kununua raifo inayomzidi umri. Mauser za kabla ya Vita Kuu ya Pili, Winchester Model 70 za miaka ya 1950, Brno za Chekoslovakia, hata Lee-Enfield zilizostaafu jeshini, zote bado zinahama kabati hadi kabati. Nyingine zinarithiwa, nyingine zinauzwa na kampuni za uwindaji zinazofunga kazi, nyingine zinatoka kwa mzee ambaye magoti yake yamekataa pori. Na karibu kila mnunuzi huanza na swali lile lile: je, haijazeeka mno?

Swali hilo linamwangalisha mnunuzi upande usio na hatari. Raifo ya bolti ina vipande vichache vinavyosogea, chuma chake ni kinene, na ikilishwa risasi zake halali, ikifutwa kila inapotoka porini, inaweza kumtumikia babu, baba na mjukuu. Nyingi ya zile mbovu ambazo nimeziona kwenye meza za mafundi hazikuharibiwa na miaka. Ziliharibiwa na watu: aliyepanua chemba ili iingie risasi kubwa, aliyekunja mkono wa bolti kwa moto wa gesi, aliyelainisha triga kwa tupa, aliyetoboa matundu ya darubini kwa drili ya seremala. Kwa hiyo anayetaka kununua raifo kongwe namwambia atafute mabadiliko kwanza, uchakavu baadaye. Uchakavu utauona kwa macho, ilhali mabadiliko mabaya mara nyingi yamefunikwa kwa rangi mpya na msasa, na muuzaji wa tatu au wa nne huenda hata hayajui.

Lakini huwezi kutambua kilichobadilishwa usipojua bunduki ilivyotoka kiwandani, na hapo lazima tuanze na Mauser.

Ujerumani iliipokea Mauser ya mwaka 1898 kuwa bunduki ya jeshi, na muundo wake ukawa mama wa raifo nyingi za uwindaji katika karne iliyofuata. Bolti yake ina meno mawili mazito mbele, yanayojifungia ndani ya kiwiliwili, yaani lile pipa la chuma ambamo bolti hupita, na jino la tatu la akiba nyuma karibu na mkono. Ina matundu ya kupitishia gesi pembeni iwapo ganda litapasuka, ili moto usimrudie mpigaji machoni. Ina kucha ndefu inayolidaka ganda mara tu risasi inapoachana na magazini, wala hailiachii mpaka litupwe nje. Aliyewahi kumfuata nyati aliyejeruhiwa kwenye kichaka anaijua thamani ya kucha hiyo: hata ukisukuma bolti nusu ya njia kisha ukairudisha kwa haraka, ile risasi inarudi nayo, haibaki ndani kuizuia ya pili.

Mauser za awali, zile za 1893, 1895 na 1896, zinafanana nayo kwa mbali lakini hazina jino la tatu. Kuzitambua ni rahisi: bolti yake huikaza springi ya pini ya kufyatulia wakati unaposukuma kufunga, ilhali ya 1898 hukaza wakati unapoinua mkono kufungua. Si bunduki mbaya. Ziliundwa kwa shinikizo dogo zaidi, na ukikuta moja imebadilishwa kwenda kaliba ya kisasa yenye nguvu, iache hapo hapo.

Juu ya msingi wa 1898 zikajengwa kaliba za Afrika. Mwaka 1905 Otto Bock, fundi bunduki wa Berlin, alitoa 9.3x62, yenye kichwa cha takriban gramu 18.5 na ganda lililokaa sawasawa ndani ya Mauser ya kawaida. Wakulima na wawindaji wa Kijerumani katika makoloni, pamoja na eneo ambalo leo ni Tanzania Bara, waliipata kwa bei ambayo bunduki za mitutu miwili za Kiingereza hazikuikaribia. Waingereza wakaleta .416 Rigby mwaka 1911 na .375 Holland & Holland mwaka 1912. Ganda la .416 Rigby ni kubwa kwa makusudi. Baruti ya cordite ya zama zile iliongeza shinikizo jua lilipokuwa kali, na ganda lenye nafasi ya kutosha lililiweka shinikizo chini, hata adhuhuri ya pori la nyika ganda likatoka bila kung'ang'ania.

Upande wa pili yuko W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda tembo Karamoja, kaskazini-mashariki ya Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20. Aliua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa Mauser ndogo ya 7x57 ambayo Rigby wa London aliiita .275. Alisoma mifupa ya kichwa cha tembo mpaka akajua ubongo ulipo kutoka kila pembe. Simtaji ili mtu amuige. Kipimo kinachotakiwa Tanzania leo kwa wanyama kama tembo na nyati huanzia .375. Namtaja kwa sababu bunduki yake haikuwa ya ajabu. Ilikuwa Mauser ya kawaida ambayo hakuna aliyeichezea, na alijua risasi itatua wapi.

Marekani ilitoa Winchester Model 70 mwaka 1936, nayo ikiwa na kucha ya Mauser. Mwaka 1964 kiwanda kilipunguza gharama, kucha ikaondolewa, na tangu hapo wanunuzi wanazitenga mbili hizo: zenye namba chini ya 700,000 ni za muundo wa zamani, na bei yake inapanda kila mwaka. Kwa swala, tandala au ngiri tofauti hiyo haina uzito inaopewa sokoni. Kwa nyati nakubaliana na soko. Chekoslovakia nayo, kuanzia miaka ya 1960, ilitengeneza Brno ZKK, na ile ya 602 ilikuwa na kiwiliwili kirefu kilichoundwa tangu mwanzo kubeba .375. Ilipendwa sana na wawindaji wa kulipwa barani Afrika, na ukiipata ambayo haijachezewa, umepata bunduki ya kazi kwa bei ya kibinadamu.

Kabla ya bisibisi, karatasi

Mnunuzi mwenye shauku hutaka kuishika bunduki kwanza. Mimi nataka kuona kitabu cha leseni kwanza. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na hakuna njia halali ya kuuziana raifo mkono kwa mkono bila polisi kuhusika. Soma namba iliyogongwa kwenye chuma, tarakimu moja moja, kwa mwanga mzuri, kisha linganisha na iliyoandikwa. Tatu iliyoandikwa kama nane inaweza kukusumbua miezi. Namba iliyosagwa, iliyogongwa upya, au iliyofunikwa kwa kulehemu ina maana moja tu kwako: shukuru, aga, ondoka.

Bunduki za Mauser na nyinginezo za zamani hubeba namba zaidi ya mahali pamoja: kwenye kiwiliwili, kwenye kasiba, na kwenye mkono wa bolti. Namba za bolti na kiwiliwili zikitofautiana, si lazima bunduki iwe mbaya, lakini ujue kwamba bolti ile ilitoka kwenye bunduki nyingine, na vipimo vyake vya kufungia havijulikani mpaka vipimwe. Hilo nitalirudia chini.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania iliufunga mwaka 1973 na kuufungua tena mwaka 1978. Ukikutana na raifo ambayo mwenyewe aliifungia kabatini enzi hizo, hasa kabati la Tanga, Mombasa au mji mwingine wa pwani, muulize aliyeirithi ilipakwa nini na ilikaa ndani ya nini. Ala ya ngozi ni adui wa chuma: hunyonya unyevu wa hewa na kuushikilia juu ya kasiba mwaka hadi mwaka. Nje inaweza kung'aa, na mstari wa kutu ukawa umejificha pale chuma kinapokutana na mti.

Mikono

Sasa tufike kwenye kiini. Baada ya vita viwili vya dunia, Mauser na Enfield za jeshi zilibaki kwa wingi na kwa bei ya chini, na mafundi wa nchi nyingi walizigeuza kuwa bunduki za uwindaji. Wengine walikuwa mafundi wa hali ya juu. Wengine walikuwa watu wenye karakana na ujasiri. Leo kazi za wote zinauzwa kwenye meza moja.

Badiliko ninaloliogopa kuliko yote katika eneo letu ni Mauser ya kawaida iliyofanywa .375 Holland & Holland. Tazama hesabu yake. Risasi ya Mauser ya jeshi, 8x57, ina urefu wa milimita 82 hivi. Risasi ya .375 ina zaidi ya milimita 91. Ili ikae kwenye magazini, lazima chuma kikatwe, mbele na mara nyingi nyuma pia. Mbele ya magazini kuna mteremko unaoipandisha risasi kwenda chembani, na mteremko huo ndio unaoegemeza ukuta ambao jino la chini la bolti husukumana nao kila bunduki inapolia. Fundi akikata kupita kiasi, jino lile linabaki na ukuta mwembamba nyuma yake. Bunduki italia vizuri leo na kesho. Baada ya muda ule ukuta unaanza kusogea.

Nilikuwapo karakanani kijana mmoja alipoleta bunduki ya aina hiyo, imepakwa rangi upya, mti wake mpya, alama ya .375 imegongwa kwa herufi nzuri. "Shikamoo mzee. Nimeambiwa ni Mauser halisi ya Ujerumani, uniangalizie tu." Fundi aliitikia, akatoa bolti, akafungua skrubu mbili za chini, akaunyanyua mti, kisha akamrudishia kiwiliwili kitupu pamoja na tochi. "Mwanangu, nje usiangalie. Pindua, chungulia pale jino linapokaa." Chini ya mwanga ilionekana alama ya tupa, mstari kwa mstari, na ukingo uliobaki ulikuwa mwembamba kama kucha ya kidole. Hakuna aliyehitaji kusema zaidi.

Linganisha na kaliba ambazo mwili ule uliziweza bila kukatwa hivyo: 9.3x62, .30-06, na .458 Winchester Magnum ya mwaka 1956, ambayo ilitengenezwa makusudi iwe na urefu sawa na .30-06. Mauser ya kawaida iliyogeuzwa kwenda mojawapo ya hizo na fundi mwenye akili ni pendekezo tofauti kabisa. Na kama unataka .375 kwa lazima, tafuta iliyozaliwa .375: Brno 602, Model 70 ya kaliba hiyo, au Mauser ya kiwiliwili kirefu ambayo ni adimu na ghali. Wengine walitumia Enfield za P14 na M1917, ambazo kiwiliwili chake ni kirefu na kina nyama ya kutosha. Hizo zina ugonjwa wake: zilizotengenezwa Eddystone, Pennsylvania, kasiba zake zilikazwa kwa nguvu kubwa mno, na katika kuzifungua ili kuweka nyingine, baadhi ya viwiliwili vilipata nyufa nyembamba. Ukiwa na kiwiliwili chenye jina hilo kikabeba kasiba mpya, kipimwe nyufa kabla hujatoa pesa.

Badiliko la pili ni la mkono wa bolti. Mauser nyingi za jeshi zilikuwa na mkono ulionyooka pembeni, na darubini ikifungwa juu, mkono huo unagonga. Basi unakunjwa kwa moto. Fundi mzuri huufunga mwili wa bolti kwenye kinyonya joto, au hukata mkono na kulehemu mpya. Fundi mbaya huwasha gesi tu. Joto likisafiri hadi kwenye kile kilima kinachokaza springi ya pini, ugumu wa chuma unapotea pale, na kilima kinaanza kuliwa. Toa bolti uigeuze chini ya mwanga: rangi ya manjano-kahawia au zambarau karibu na shina la mkono ni alama ya moto. Angalia kama kilima kina mchubuko wa kina. Inua mkono taratibu. Kama unakwama katikati kisha unaruka, kuna kitu kimeliwa, iwe kilima, iwe makao ya meno.

Kisha matundu ya darubini. Viwiliwili vya Mauser za jeshi vina ngozi ngumu juu na chuma laini ndani. Mtoboaji asiyejua huvunja kekee, hutoboa upya kando, na huacha tundu limezibwa kwa skrubu. Mawili yaliyo kwenye mstari ulionyooka ni kawaida. Manne, matano, yaliyopotoka au yaliyochimbwa hadi kwenye makao ya meno ni sababu ya kuacha. Ile ngozi ngumu ikisagwa na msasa mzito wa kung'arisha, nayo inapungua, ndiyo maana mimi huiamini zaidi Mauser yenye mikwaruzo ya kweli kuliko iliyong'arishwa kama kioo.

Alama ya kaliba si ushahidi

Kaliba iliyogongwa kwenye kasiba inakuambia bunduki ilivyokuwa siku ile ilipogongwa. Kisa kinachotuhusu moja kwa moja ni 8x57. Kasiba za mwanzo za Ujerumani zilichukua kichwa cha .318 ya inchi. Jeshi lilipoingiza kichwa kipya kilichochongoka mwanzoni mwa karne ya 20, kipimo kikawa .323, lakini mafundi wa bunduki za kiraia waliendelea kutengeneza za .318 kwa miaka mingi. Maganda yanafanana, kwa hiyo risasi ya .323 itaingia kwenye chemba nyingi za .318 bila kulalamika. Tofauti ni kama milimita 0.13 tu, na inatosha kupandisha shinikizo hadi mahali ambapo chuma cha zamani hakikupangiwa. Yenye herufi S baada ya namba, yaani IS au JS, ni ya .323. Isiyo na S, au isiyo na alama yoyote, lazima ipimwe: fundi husukuma donge la madini laini ya risasi kupitia kasiba na kulipima kwa mikromita. Raifo za Kijerumani za zamani zilizobaki Tanzania zinastahili kipimo hiki hata kama babu mwenyewe alizitumia bila madhara.

Chemba nayo inaweza kutazamwa kwa kumimina ndani yake aloi inayoyeyuka chini ya joto la maji yanayochemka. Ikiganda unaitoa nzima na kuipima. Kazi hiyo haifiki nusu saa na inamaliza ubishi wote.

Soma pia alama za majaribio. Bunduki iliyopitia nyumba za majaribio za London au Birmingham hubeba herufi NP, za Ujerumani na Chekoslovakia hubeba N, kuonyesha ilijaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Majaribio yale yalifanywa kwa kaliba ya wakati ule. Chemba ikipanuliwa baadaye, alama ile haikulindi tena.

Ndani ya kasiba

Usikubali kuangalia kasiba yenye mafuta. Mafuta hujaza vijishimo vya kutu na kuzifanya kuta zing'ae. Pitisha kitambaa kikavu mara kadhaa, toa bolti, elekeza mdomo wa kasiba kwenye karatasi nyeupe juani, na uangalie kutoka chembani, kisha geuza uangalie kutoka mdomoni. Mifereji iwe na kingo kali kuanzia mwanzo. Pete nyeusi iliyosimama peke yake ndani ya kasiba, hasa ukihisi kivimbe kwa nje unapopitisha kidole, inasema mtu alipiga ilhali kuna kizuizi ndani. Hiyo kasiba imekufa. Siku hizi kuna kamera nyembamba za waya zinazochomekwa kwenye simu, na fundi anayekagua kwa malipo inampasa awe nayo.

Kutu ya zamani ina chanzo chake. Fataki za jeshi, ile kofia ndogo kitakoni mwa ganda, zilitumia kemikali iliyoacha chumvi ndani ya kasiba, ndugu wa chumvi ya jikoni. Chumvi haiyeyuki kwenye mafuta. Inayeyuka kwenye maji, ndiyo maana askari wa zamani walimimina maji ya moto kupitia kasiba kabla ya kupaka mafuta. Mwindaji aliyetumia risasi za jeshi za .303 na kupaka mafuta peke yake alifunga chumvi chini ya mafuta, na unyevu wa pwani ukafanya kazi yake. Vijishimo vidogo vilivyosambaa sawasawa si mwisho wa dunia. Lee-Enfield nyingi zenye uso huo bado zinapiga vizuri, ingawa hukusanya uchafu haraka. Vijishimo ndani ya chemba ni shauri zito zaidi, kwa maana ganda huvimba likaingia humo na kukataa kutoka.

Mdomo wa kasiba unastahili dakika moja ya peke yake. Fimbo za kusafishia za vipande, zikiingizwa kutoka mdomoni miaka mingi, hula mifereji upande mmoja, na risasi inatoka ikiwa inayumba. Fundi anaweza kukata milimita chache na kuuchonga upya kwa gharama ndogo. Ni kasoro ya kumfanya muuzaji ashushe bei, haitoshi kukufanya ukimbie.

Kufungia

Kuna pengo dogo kati ya uso wa bolti iliyofungwa na kitako cha ganda lililokaa chembani. Likizidi, ganda hunyooka kila risasi inapolia mpaka linakatika karibu na kitako, na gesi inamrudia mpigaji. Kwa .30-06, tofauti kati ya geji ya kiwango cha chini na ile ya kukataa bunduki kabisa ni kama robo ya milimita. Macho hayawezi kuliona pengo hilo, na mtu anayedai analihisi kwa kidole anabahatisha. Fundi asiye na geji za kaliba husika hawezi kukupa jibu, hata awe na uzoefu wa miaka mingapi. Bolti yenye namba tofauti na kiwiliwili isipimwe kwa imani.

Lee-Enfield No. 4 ina dawa yake ya kiwandani: kichwa cha bolti kinafunguka, na vilitengenezwa vya saizi nne, 0 hadi 3. Ukikuta yenye 3, ujue imefika mwisho wa marekebisho, na ikionyesha pengo tena hakuna kichwa kingine cha kuongeza.

Kwa wasomaji walio Marekani, ambako Springfield 1903 bado ni nyingi: zenye namba chini ya 800,000 kutoka Springfield, na chini ya 285,507 kutoka Rock Island, zilikuwa na chuma kilichopata joto kupita kiasi wakati wa kutengenezwa na baadhi zilipasuka. Hizo ni za ukutani.

Triga na sefti

Hakikisha bunduki ni tupu, kwa macho na kwa kidole ndani ya chemba. Weka sefti, vuta triga kwa nguvu, achia, kisha ondoa sefti bila kugusa triga. Pini ikifyatuka, bunduki hiyo haiingii nyumbani kwako kabla ya kutengenezwa. Funga bolti kwa kishindo mara kadhaa, gonga kitako chini kwenye mpira mzito, na sikiliza kama kuna kilichofyatuka. Triga nyepesi kupita kawaida kwenye bunduki kongwe karibu kila mara ni kazi ya tupa, na kwa raifo ya porini, yenye kubebwa ndani ya gari na kupita miibani, uzito wa kilo moja na nusu hadi mbili ni wa busara.

Remington 700, iliyotoka mwaka 1962, ina historia ya kesi nyingi Marekani kuhusu triga zake za zamani, zikaishia kwenye makubaliano ya kubadilishiwa wamiliki bila malipo. Ukinunua moja ya miaka hiyo, weka bei ya triga mpya kwenye hesabu yako tangu mwanzo. Na kwenye baadhi ya Brno za zamani sefti huenda kinyume na desturi: ukiivuta nyuma, bunduki iko tayari kupiga. Mtu aliyezoea bunduki nyingine anaweza kuamini amefunga kumbe amefungua. Jizoeshe mpaka mkono ujue wenyewe, au mwombe fundi aweke ya mpangilio wa kawaida.

Mti wa bunduki ningeupitia haraka kwa kaliba ndogo. Kwa .375 na zaidi, nenda polepole. Teke la bunduki hizo hutafuta udhaifu nyuma ya kiwiliwili na katikati ya magazini na triga. Ufa hapo unaweza kuwa mwembamba kama unywele. Kamua mti kwa mikono miwili chini ya mwanga uone kama unafunguka. Mahali peusi penye mafuta nyuma ya kiwiliwili ni mti uliolainika kwa mafuta yaliyotiririka ndani yake miaka mingi bunduki ikisimama wima. Mti unatengenezeka au kubadilishwa, nami sijawahi kuona sababu ya kukataa chuma kizuri kwa ajili yake.

Mwishowe ilishe. Jaza magazini kwa risasi bandia zenye vipimo vya kweli, uzungushe bolti haraka, kisha polepole, kisha bunduki ikiwa imelala ubavu. Bunduki zilizobadilishwa kaliba hukwama hapa kuliko popote. Baada ya hapo, kwa ruhusa na mahali halali, piga risasi mpya za kiwanda, na usikubali kutumia zile za zamani ambazo muuzaji anakupa zawadi. Hakuna ajuaye zimekaa kwenye joto gani. Okota maganda. Fataki iliyobanwa bapa kabisa inaonyesha shinikizo kubwa. Mstari unaong'aa kuzunguka ganda karibu na kitako unaonyesha lile pengo. Risasi tatu zikitua ndani ya sentimita 5 kwa mita 100, kwa bunduki ya umri huo, lipa kwa furaha.

Kabla ya kulipa, hata hivyo, piga simu kwa muuzaji wa risasi mwenye leseni na uulize anazo ngapi za kaliba hiyo dukani leo na ameagiza lini mara ya mwisho. Kwa .30-06, .375 na .458 utapata jibu. Kwa .318 Westley Richards au .404 Jeffery huenda ukasikia kimya cha muda mrefu. Kwa 9.3x62 uliza mawili: risasi, na kama mnyama unayemkusudia anaruhusiwa kwa kipimo cha .366, ambacho kiko chini kidogo ya .375. Bunduki nzuri ya kaliba isiyo na risasi bado inadai leseni, kabati la chuma na ukaguzi, sawa na ile unayoweza kwenda nayo porini mwezi Julai.